Kunguru wa Maktaba ya Ziwani

Katika milki ya Ziwani kila kiumbe alijua mahali pake. Mfalme Kiboko alikaa majini, raia walikaa ukingoni, na maji waliyokunywa raia ni yale yale aliyoyaogea Mfalme. Hakuna aliyeona ajabu. Ukizaliwa ukamkuta baba yako anakunywa, nawe utakunywa, utafuta mdomo, utasema ahsante.

Kilimani kulikuwa na Chuo Kikuu, ndani ya chuo maktaba, na mlangoni mwa maktaba Bi Nungunungu, mkutubi mkuu. Miaka yote kazi yake kubwa ilikuwa kunyamazisha. Tumbili wakianza umbea nyuma ya rafu za sheria, alitikisa miiba tu, chakacha, na ukumbi mzima ukanywea. Lakini masikio yake hayakuwa mbali. Nani kaposa, nani karudishiwa mahari, profesa gani kafungiwa mlango na mkewe. Yote aliyapata pale pale. Alizikemea kelele huku akizipenda, kama mama anavyomkemea mwanawe mlafi huku anamwongezea wali.

Ikaja Homa ya Matope. Ilianzia tumboni, ikaishia kaburini. Kwanza baraza lilitangaza kwamba haipo. Ilipomzika mke wa jemadari, likatangaza kwamba ipo, ila imeletwa na wageni. Mwishowe likafunga chuo, masoko na harusi. Mikutano ya kumshukuru Mfalme haikufungwa, maana shukrani, alieleza Waziri Kasuku, haziambukizi.

Bi Nungunungu aliitwa barazani aseme wanafunzi watasomaje, hasa wale wa utabibu, waliokuwa wametawanywa vijijini kuuguza kabla hata hawajamaliza masomo.

“Nipeni dirisha moja tu, Mtukufu,” alisema. “Mlango ufungwe, sawa. Msomaji aje dirishani, achukue kitabu, aende zake. Kikirudi nitakianika juani kwanza, ndipo nimpe mwingine.”

Kunguru aliangua kicheko. Huyu alikuwa shemeji wa Mfalme, kwa njia ambayo hata wazee wa ukoo walishindwa kuieleza.

“Dirishani! Kama muuza chapati!”

“Kama muuza chapati, baba. Mbona chapati zinafika?”

Baraza likacheka, likamtazama Mfalme, likaacha kucheka.

“Bibi yangu, dunia imekwenda mbele,” Kunguru alisema akijipangusa mbawa. “Mimi nina vijana. Kila mmoja atakariri ukurasa wake, ataruka, amsomee mwanafunzi huko huko kwao. Hakuna foleni, hakuna kupumuliana. Maktaba ya Angani!”

“Na wakisahau?”

“Kunguru asahau? Mrushie jiwe leo, halafu urudi mwakani uone.”

Mfalme akapiga mwayo, na mwayo wa Kiboko ndio muhuri. Kazi ikawa ya shemeji.

Basi maktaba ikabaki na Bi Nungunungu na mende wawili watatu. Asubuhi kunguru waliingia, wakakariri, wakaondoka wakigombana. Yeye alipita katikati ya rafu na fagio, akifagia palipokwisha kufagiwa. Kimya alichokidai maisha yake yote sasa alikuwa nacho, na kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Habari zilimfikia hata hivyo. Umbea haujawahi kufungiwa na amri. Alisikia kwamba kunguru hawaendi moja kwa moja kwa wanafunzi. Hupitia ikulu kwanza, kwa Kasuku, kurasa zao zikapewe baraka. Ukurasa wa hesabu ulitoka na salamu kwa Mfalme. Wa historia ulitoka umepungukiwa na vita vile alivyoshindwa babu yake. Bi Nungunungu akaenda kulalamika. Akaonyeshwa benchi. Akakaa benchini hadi miiba ikashika vumbi, kisha akarudi nyumbani.

Siku moja Digidigi, mwanafunzi wa utabibu aliyepelekwa Bondeni, alifika langoni kwa miguu. Kwato zilikuwa zimepasuka.

“Chuo kimefungwa, mwanangu,” Bi Nungunungu alimwambia kutoka dirishani.

“Najua, Bibi. Nataka kuuona ule ukurasa wa homa za tumbo. Kwa macho yangu.”

“Kunguru hakuleta?”

“Alileta.” Digidigi akafumba macho, akaukariri kama alivyopewa: “‘Maji ya Ziwa la Mtukufu ni safi tangu enzi za mababu. Mgonjwa anyweshwe kama yalivyo, kwa shukrani.’”

Bi Nungunungu aliweka fagio chini. Akaenda rafuni, akarudi, akakifungua kitabu dirishani. Digidigi alisoma: maji yachemshwe hadi yatokote, yapoe, yatiwe chumvi kidogo na asali, mgonjwa anyweshwe taratibu. Akasoma tena. Akakalia mchanga.

“Nimewanywesha kwa mkono wangu,” alisema. “Shangazi alikuwa anakataa, anasema yananuka. Nikamwambia, shangazi, wewe umesoma wapi?”

Kuna uchovu wa kazi, na kuna uchovu wa kuona. Bi Nungunungu alikuwa na wote wawili. Laiti angekuwa na nguvu, angelia. Alimsukumia kitabu.

“Chukua.”

“Amri inasema…”

“Amri na ije ikichukue yenyewe. Nenda Bondeni. Na ukikutana na mtu njiani, mwambie dirisha liko wazi.”

Mtu huyo bila shaka alikuwa tumbili, maana kesho yake uwanja ulijaa. Bi Nungunungu akatoka, akasimamisha miiba yote, akazunguka. “Hakuna kumkaribia mwenzake! Kati ya mtu na mtu nipite mimi na miiba yangu yote!” Na nani atabishana na miiba? Wakajipanga wenyewe. Vitabu vikatoka, vikaanikwa, vikatoka tena. Huko majumbani aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, jirani akasikia ng’ambo ya ua, akampigia kelele jirani yake. Sufuria zikatokota kijiji kwa kijiji.

Kasuku alipofika na askari, hakuja kwa ajili ya vitabu. Alitweta. “Mfalme anaumwa. Tumbo. Ukurasa uko wapi?”

“Uko Bondeni na kitabu chake, unauguza. Lakini sina haja nao. Chemsheni maji, tieni chumvi na asali. Basi.”

“Bibi, hilo ukilisema wewe ni uchochezi. Maji ya Mtukufu yachemshwe? Kwani yana nini? Habari kama hiyo lazima itoke kwa mjumbe rasmi.”

“Nimekwambia chemsheni.”

“Kwa mjumbe rasmi, Bibi!”

“Haya baba,” alisema, akaegemea dirisha. “Tuma kunguru.”

Akatumwa mmoja wa vijana wa shemeji, hadi Bondeni. Digidigi, asiyekuwa na kinyongo au aliyechoka kuwa nacho, alimsomea ukurasa wote, tena polepole, tena mara mbili. Kunguru akaukariri, akaruka bila kutua. Akaingia ikulu. Mfalme amelala ubavu, baraza limemzunguka, Kasuku kamkazia jicho lile la kila siku. Kunguru akafungua mdomo, na mdomo ukafuata njia uliyoizoea:

“Maji ya Ziwa la Mtukufu ni safi tangu enzi za mababu…”

“Si nilisema?” Mfalme alinong’ona. “Nileteeni.”

Wakamletea. Akanywa, kwa shukrani.

Ngoma ya msiba ilipofika kilimani, hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa na makaburi yao wenyewe ya kupalilia. Ziwa nalo halikukaa tupu. Mwana wa Kiboko aliingia majini kabla matanga hayajaanuliwa, akaoga, na amri yake ya kwanza ilikuwa kumpongeza Kunguru, shemeji wa baba yake, kwa kazi nzuri ya Maktaba ya Angani.

Bi Nungunungu aliisikia amri hiyo kutoka kwa tumbili, aliyeisimulia kwa vichekesho na kuigiza sauti, uwanja mzima ukivunjika mbavu. Mkono wake ulianza kuinuka, kama ulivyozoea, kuwanyamazisha. Akaushusha. Akavuta sufuria ya maji aliyokuwa akiwachemshia wasomaji ikae sawa motoni, akaegemea dirisha.

“Haya, nani anafuata?” aliuliza. “Sema kwa sauti, mwanangu. Sikusikii.”