Chaki Chini ya Kiti

Mama alikuwa fundi cherehani, na bintiye, mwanafunzi wa ubunifu wa samani, alikuwa ameshamtengenezea viti sita, vyote balaa tupu. Kila kimoja mama alikikalia kutwa akishona, na jioni akakitia alama ya chaki ya kitambaa pale palipomuumiza kiuno au mapaja.

"Koleo limevunjika mara sita tu," alisema akinyoosha mgongo. "Uhunzi haujaisha. Kata tena."

Binti alikata, akapinda, akapiga msasa.

Jioni ya kiti cha saba, mama aliinuka bila kushika kiuno. Binti alikigeuza kiti huku na huku, asione alama hata moja.

"Mama, umesahau kuchora?"

"Nichore nini, na wewe?"

Chuoni, kila kazi huandikwa jina la mbunifu. Binti aliiomba ile chaki, akaandika chini ya kiti jina la mama, kisha lake kwa herufi ndogo.