Siku Paa Lilipomfungia Dougal Chooni

Dougal Haldane alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari kwa miaka mingi, na alipostaafu hakuacha. Ukimkaribisha chai nyumbani kwako, anakungoja ukae vizuri ndipo aanze kusema. Ukienda naye mlimani, anakupanga mstari. Mimi na Bronwyn tumemvumilia tangu ujana wetu, enzi zile sote watatu tulipokuwa tukikata tiketi kwenye viti vinavyopandisha mlimani watelezaji wa theluji, huku tukilala chumba kimoja kilichonuka soksi. Siku hizi mimi nina saluni pale Mount Beauty, mji mdogo chini ya milima ya theluji ya Australia, na Bronwyn anaendesha lori la maziwa. Kwa hiyo kati yetu yuko wa kuhutubia, yuko wa kusikiliza, na yuko wa kutukana, na urafiki umekwenda vizuri tu.

Agosti moja, mwezi ambao kwetu ni wa baridi, Dougal alitupigia simu.

"Matembezi mafupi," alisema. "Tunapanda hadi kibanda cha Tibbett, tunakula, tunateleza kurudi. Saa tisa mko kwenye gari."

"Mara ya mwisho ulisema mafupi," Bronwyn akamjibu, "nikashuka ngazi kinyumenyume wiki nzima."

Lakini alikuja. Tulibandika ngozi chini ya skii zetu, zile mbao ndefu za kutelezea, ili zisirudi nyuma, tukaanza kupanda kati ya mikaratusi iliyopindishwa na upepo. Jua lilikuwa kali na upepo wa kaskazini ulikuwa wa joto, theluji ikaanza kulegea kama uji. Dougal alitangulia. Kila akifika kwenye kona alisimama na kutugeukia.

"Pumzi, kina mama. Siri yote ni pumzi."

"Siri ni kwamba begi lako tupu," Bronwyn akasema.

Begi la Bronwyn mwenyewe halikuwa tupu. Alibeba soseji, vitunguu, mkate mzima, chupa ya divai tamu na kikaango cha chuma alichorithi kwa mama yake. Ili kikaango kiingie, beleshi lake la kuchimbia theluji alikuwa ameliacha garini. Kila mtu anayekwenda milima ile anabeba beleshi, theluji isije ikamfukia mwenzake. Dougal angejua, angemrudisha chini akalichukue. Kwa hiyo hakuambiwa.

Na si hilo tu ambalo halikuwa limesemwa. Siku chache kabla, Isla, binti yake Dougal, alikuja saluni nimpunguze nywele. Anaishi Townsville, kule Queensland kwenye joto, mbali kaskazini, na nilipomuuliza kilichomleta alinijibu kama mtu anayejibu swali la kijinga: amekuja kumsaidia baba kufunga masanduku. Baba anahamia kwao. Nilikata upande mmoja mfupi kuliko mwingine, ikanibidi nirekebishe. Jioni nikamwambia Bronwyn. Tukakubaliana tunyamaze mpaka Dougal mwenyewe aseme.

Hakusema. Njia nzima alituhubiria habari za chembe za theluji.

Kibanda cha Tibbett ni cha mbao, kina paa kubwa la mabati lenye mteremko mkali. Nyuma yake, karibu sana na ukuta, kuna choo. Aliyekijenga pale alikuwa mvivu wa kutembea, na simlaumu. Theluji ya msimu mzima ilikuwa bado imelala juu ya lile paa, nzito, inadondosha maji.

Dougal akachukua begi lake, maana karatasi za chooni zilikuwa humo, akasema anakuja sasa hivi. Bronwyn alikuwa anamenya kitunguu. Tukasikia sauti kama lori linalomwaga kokoto, kibanda kikatikisika, halafu kimya.

Tulikimbia nyuma. Paa lilikuwa jeusi, tupu, linang'aa. Choo hatukukiona. Tulichokiona ni lundo la theluji limejaa kati ya kuta mbili, na juu yake ncha ya bomba la kutolea harufu.

"Dougal," nikaita.

Nikainama karibu na bomba, nikaita tena.

"Dougal, jibu."

"Nipo," ikatoka sauti ndogo chini kule. "Nimekaa."

Bronwyn alishika magoti yake akavuta pumzi ndefu. Halafu akasema, "Bado umekaa? Basi hakuna dharura."

Nilipanda juu ya lundo na kuchimba kwa mikono mpaka nikafikia uwazi ulio juu ya mlango. Nikachungulia. Alikuwa amevaa kofia yake ngumu, suruali magotini, uso mweupe, lakini hakuumia popote. Hewa ilikuwepo, ingawa si ya kutamanika.

"Mlango unafungukia nje," alinitangazia, kama anayesoma matokeo ya mtihani. "Itabidi mchimbe. Anzeni kulia, kwa mshazari."

Beleshi la Dougal lilikuwa ndani naye, begini. Mimi nilichukua langu. Bronwyn alirudi na kikaango. Theluji ya paani ikishaanguka inashikana kama zege bichi, na tulikuwa wanawake wawili wenye migongo ya kuombea, kwa hiyo kazi haikwenda haraka.

"Nasikia chuma," Dougal akasema. "Beleshi la nani lina sauti hiyo?"

"La ukoo," Bronwyn akajibu.

"Bronwyn. Hicho ni kikaango."

"Ni kikaango."

"Mimi nilisema nini kuhusu mabeleshi? Kanuni ya kwanza mlimani..."

"Bwana wewe, uko chooni. Ukiwa chooni hufundishi mtu."

Tukachimba. Akaelekeza. Tulikuwa tunachimba ndani mno, akasema. Halafu hatuchimbi ndani vya kutosha. Tulipofika nusu ya mlango Bronwyn alisimama, akakigeuza kikaango, akakikalia juu ya theluji.

"Isla hajambo?" akauliza.

Maji yalidondoka kutoka paani.

"Hajambo," Dougal akasema. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Nasikia amependeza na nywele fupi."

"Kerrin," akaniita mimi, taratibu. "Ile saluni yako ni kituo cha redio."

"Alidhani najua," nikamwambia. "Nani asingedhani?"

"Nilitaka kuwaambia leo. Kwenye chakula. Nilikuwa nimejiandaa." Akakohoa kusafisha sauti. "Rafiki zangu, katika maisha kila msimu una..."

"Ukihutubia nakufukia tena," Bronwyn akasema. "Sema kama mtu."

Ilichukua muda. Nadhani ni miaka mingi hakuwahi kusema jambo bila kulipangia utangulizi.

"Goti limekwisha," alisema hatimaye. "Daktari amelipiga picha, akacheka. Nyumba ni kubwa. Tangu Moira afariki nakula nimesimama kwenye sinki, kama farasi. Na mjukuu wangu mdogo akiniona anajificha nyuma ya friji, hanijui. Basi. Ndiyo hivyo."

Nikachota theluji kidogo nikaitupa pembeni. Moira, mkewe, nilimtengeneza nywele mpaka wiki yake ya mwisho. Sikujua kuhusu sinki.

"Queensland, Dougal," Bronwyn akasema. "Huko watu wanakwenda mazishini na kaptula. Hewa yenyewe inatoka jasho."

"Najua."

"Mamba wanaingia mpaka kwenye viwanja vya gofu."

"Sichezi gofu."

"Utateleza juu ya nini? Tope la mikoko?"

"Sitateleza. Isla anasema kuna kilabu cha wazee. Wanaviringisha mipira kwenye majani."

"Mungu wangu," Bronwyn akasema polepole. "Tukuache humo humo. Ni heshima zaidi."

Alisema hivyo, kisha akanyanyuka na kuanza kuchimba kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona kwake, theluji ikanijaa usoni na shingoni. Sikumtazama. Alikuwa anavuta kamasi, na si kwa baridi, na nisingependa mtu anitazame mimi ningekuwa yeye.

Mlango ulipoachia kidogo tulimvuta kwa mikono. Bega lilipita. Tumbo lilikataa.

"Ingiza tumbo ndani," nikasema.

"Ndiyo limeingia hivyo."

Bronwyn alikanyaga ukuta kwa buti lake na kuvuta kama anayevuta ndama. Dougal akachomoka, mikanda ya suruali ikiburutika, tukaangukiana wote watatu. Akasimama, akajifuta, akatutazama mmoja mmoja kwa uso wa siku ya kutoa vyeti.

"Ahsanteni sana," alisema. "Sasa naomba mniwie radhi. Nilikuwa sijamaliza."

Akarudi ndani.

Soseji tulizikaanga kwenye kikaango kilichopinda ubavu, mafuta yote yakikimbilia upande mmoja. Tulikunywa divai kwenye vifuniko vya chupa za chai. Hakuna aliyeitaja Townsville. Tulibishana kuhusu vitunguu, kama vimeungua au vimeiva, mpaka vikaisha.

Kisha tukateleza. Theluji ilikuwa nzito na mbaya, ya kung'ang'ania miguu. Bronwyn alianguka mara kadhaa, mimi nilikuwa nashuka kama mtu anayebeba kabati. Ila Dougal, sijui. Na goti lake hilo hilo, alishuka kati ya miti akipinda huku na huku bila haraka, mikono imetulia, kama alivyokuwa akishuka tukiwa vijana na Moira akisimama chini kumtazama. Bronwyn alimpigia kelele kwamba anajionyesha. Ilikuwa kweli.

Chini tuliona gari kupitia miti. Saa tisa ilikuwa imepita zamani. Dougal alisimama akiliangalia, kisha akainama, nikadhani anavua skii. Alikuwa anatoa zile ngozi za kupandia kifuani mwa koti lake, anazibandika tena.

"Na goti?" nikauliza.

"Limekwisha tayari. Haliwezi kwisha mara mbili."

Bronwyn alitafuta ngozi zake, moja ilikuwa imelowa, haishiki, akaifunga kwa utepe wa gundi huku akiilaani hiyo ngozi na ukoo wake. Tukapanda tena mpaka pale miti inapoachana, si kibandani, hapo tu. Vivuli vilikuwa virefu na theluji imeanza kuganda, ikawa nzuri ghafla. Karibu na chini Bronwyn aliingia kichakani kichwa mbele. Dougal alimsimamia, akaanza kumweleza kuhusu uzito na mguu wa nje, na Bronwyn akalala palepale chali, skii zimekaa kama mkasi, akamsikiliza mpaka mwisho.

Dougal aliondoka mwezi wa kumi. Lakini jioni ile ya kibandani tulirudi mjini madirisha ya gari yamefungwa, kipasha joto kinapuliza harufu ya soseji na soksi mbichi, Dougal amelala kiti cha nyuma mdomo wazi. Bronwyn aliendesha taratibu kuliko lori lake la maziwa, akapitwa na kila mtu, na hakumtukana hata mmoja.