Bwana Sawa Anajifunza Kuridhia

Mapazia ya mwalimu jirani yaliporudi tena dukani kufuliwa, mke wa dobi aliyanusa. Mtu aliyefua nguo za watu nusu ya umri wake hadanganywi na pazia. Yalikuwa safi. Yalikuwa bado yananukia sabuni ileile aliyoyafulia mwenyewe juzijuzi, na mikunjo ya pasi ilikuwa palepale alipoiacha. Aliyeyaleta ni mumewe. Aliyeyapeleka mara iliyopita, na ile ya kabla yake, ni mumewe vilevile, na kila akiyapeleka hukaa huko mpaka pasi ikapoa.

Huyo mwalimu alikuwa mjane, amestaafu, anavaa vizuri na anacheka kwa sauti. Mke wa dobi hakuwa mwanamke wa wivu, ndivyo alivyojisemea, lakini kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kazi yake ni nguo. Mumewe alipobeba mapazia tena na kutoka, alimwacha afike, kisha akaingia chumba cha kupigia pasi, kinachopakana na sebule ya mwalimu, akaweka sikio ukutani.

"I am approve," ilisema sauti ya mumewe, kwa uzito wa mtu anayekula kiapo.

"Hapana," alisema mwalimu. "I approve. Halafu ukimtaja mtu: I approve of him. Hiyo *of* usiimeze. Rudia."

Mume akarudia. Akakosea, akakatwa kauli, akarudia tena. Mke akajikuta anapumua. Kumbe ni shule tu! Lakini furaha yake haikumaliza hata shati moja. Mtu mzima anayejifunza Kiingereza kwa kujificha nyuma ya mapazia ana lake jambo.

Asubuhi alikuja muuguzi kuchukua sare zake, na mke wa dobi akamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, hilo neno *approve* maana yake nini. Muuguzi akamwambia ni kuridhia, kukubali jambo kwamba ni jema. Akatoa na mfano: mkubwa wake wa kazi hajaridhia likizo yake, ndiyo maana macho yamemvimba hivi. Mke wa dobi akamkabidhi sare na kumtakia kazi njema.

Sasa alijua mumewe anajifunzia nini. Binti yao wa pekee alikuwa anafanya kazi nchi ya mbali, na huko amepata mchumba. Wazazi wa kijana hawajui lugha nyingine ila Kiingereza, na Jumapili wangepiga simu kuomba ridhaa. Mama alikuwa ameshasema lake: huyo kijana simjui, hajakaa mbele yangu nikamtazama, siridhii. Baba alikuwa amenyamaza.

Na kunyamaza kwake ndiko kulikotisha. Mtaa mzima ulimwita Bwana Sawa, si kwa mapenzi tu. Mteja akiunguza shati lake nyumbani akaja kulidai dukani, sawa. Kaka yake alipoomba chumba cha uani apumzike siku mbili, sawa, na mpaka leo anapumzika. Dada yake alipoitamani cherehani ya mke wake, ile aliyopewa na mama yake mzazi, sawa, ikabebwa mchana kweupe mwenye mali akiwa sokoni. Hilo la cherehani mke hakuwahi kulisamehe. Leo mtu huyohuyo, ambaye sawa zake za Kiswahili zimekwisha kumfilisi, amekwenda kutafuta nyingine za Kiingereza. Na safari hii anayetolewa ni mtoto.

Hakumgombeza. Alimuuliza tu yale mapazia yana doa gani lisilotoka. Mume akajibu kwamba mwalimu anapenda usafi.

"Sawa," alisema mke, na mume akashtuka, kwa kuwa hilo neno si lake mke.

Wiki nzima aliyapanga maneno ya ugomvi kichwani kama mashati kabatini, kila moja na kola yake. Angemwacha aseme hiyo ridhaa yake, kisha angemvua nguo mbele ya hao wageni, wajue nyumba hii ina mama.

Jumapili simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai. Binti alionekana katikati, kijana pembeni yake, wazazi wa kijana nyuma yao wamevaa vizuri. Baba wa kijana aliongea kirefu na kwa upole. Binti alipotaka kutafsiri, Bwana Sawa alimnyooshea kiganja, akasimama na koti lake. Jasho lilikuwa linamtoka.

"My wife does not approve," alisema, neno moja baada ya jingine. "I cannot approve without my wife. Please, ask her."

Mke akamtazama mumewe, akamtazama binti, akamuuliza baba yake amesema nini.

"Amesema wewe hujaridhia, na yeye bila wewe hawezi. Wakuulize wewe."

"Kwa Kiswahili ningeishia palepale pa siku zote, kwenye sawa," mume alisema chini chini, bila kumtazama. "Najijua. Kukataa ilibidi nikafundishwe."

Aibu ilimpanda mke mpaka masikioni. Maneno yake yote ya ugomvi yalikosa wa kuvaa. Alikuwa amejiandaa kuibiwa, hakuwa amejiandaa kuulizwa.

"Nikikataa?" alimuuliza binti yake.

Binti alimtazama kijana, akainamisha kichwa. "Basi, mama. Sitaolewa."

Hakulia wala hakubembeleza, na ndipo mama alipoogopa kwelikweli. Hilo ndilo alilokuwa analitaka tangu mwanzo, na sasa limewekwa mkononi mwake, na lilikuwa zito. Kumshuku mume kulikuwa rahisi. Alimshuku ili asilazimike kumwachia mtoto. Kijana kule alikuwa amemshika binti mkono, anasubiri kama mtu aliyejua kwamba ana haki ya kusubiri tu.

Mama akaisogelea simu mpaka uso wake ukaijaza.

"I approve of him," alisema.

Mume akageuka kumtazama. Binti yake, aliyekuwa amejikaza muda wote huo, akajiinamia akalia kama mtoto. Mama akanyoosha mkono amfute machozi, vidole vikagonga kioo.