Mizizi Iliyofunga

...imefunga, mizizi ya magego yote manne ya mwisho imefunga hadi nchani, hakuna la kubishania, jedwali la umri linasema aliyefika hapa ametimiza miaka kumi na nane, na mwenye picha hii ya eksirei, kijana wa Kiafghani, anasema ana kumi na sita, akionekana mtu mzima atarudishwa Kabul, lakini Gunvor ni daktari wa meno, siyo hakimu, aandike tu, aweke sahihi, harufu ya keki za Ijumaa inapenya chini ya mlango, jibini la kahawia litakuwa limeshakatwa, "Dada Gunvor, zinapoa!" ni Torbjørn, daktari mwenzake, "nakuja," "unakuja tangu asubuhi! Huyo mzee mzima, mimi nimeshamwandika hivyo, au unamtafutia mchumba?" cheka, Torbjørn, cheka... mizizi ya namna hii alishaiona, aliipiga picha mwenyewe, Ingjerd, binti yake, kwenye kiti kile pale, analalamika ufizi unamuuma, mama harakisha, wenzangu wananingoja ziwani, na barafu ya Machi ilionekana ngumu kumbe chini imeoza... baada ya mazishi akaitoa picha ile, akaipima kwa jedwali, jedwali likasema kumi na nane, miaka miwili ambayo ziwa liliimeza, jedwali likamrudishia, naye akaipokea, akailea, Ingjerd mwenye leseni ya gari, Ingjerd aliyemaliza shule, hakumwambia mtu, wangemwona amerukwa na akili, uongo mtamu, Mungu wangu, jedwali limetengenezwa kwa meno ya watoto wa huku huku na bado lilimkosea mtoto wa huku huku, wake mwenyewe, sembuse huyu ambaye meno ya watoto wa kwao hakuna aliyekaa akayapima, akiandika mtu mzima anabaki na binti yake aliyekua, na mtoto wa mwanamke mwenzake anapandishwa ndege, akiandika haijulikani... basi haijulikani, itabidi iwe haijulikani, lakini ile miaka miwili ataiweka wapi, "Gunvor! Yako naila!" kula, Torbjørn, kula tu, vidole viko palepale juu ya kibodi, hajagusa herufi hata moja, ila machozi yanamtoka, na safari hii hamlilii msichana mwenye leseni ya gari, anamlilia mtoto wa miaka kumi na sita, kumi na sita tu, mdomo wazi kwenye kiti, mama harakisha...