Saa ya Kupuliza Dawa

Kesi yao iliahirishwa mara tatu. Mara ya tatu karani alisema faili halionekani, na mfugaji nyuki, ambaye kijijini walimwita mama wa nyuki, akaketi kwenye benchi la korido, akavua viatu maana miguu ilikuwa imemvimba. Nyuki wa mizinga yake sita walikuwa wamekufa kwa dawa ya wadudu iliyopulizwa kwenye nyanya za shemeji yake mkulima, mdogo wa marehemu mumewe. Mashamba yao yalitenganishwa na mfereji tu, lakini mwaka mzima hawakusalimiana.

Siku hiyohiyo msuluhishi wa ofisi ya kilimo akawaita chumbani kwake. Alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, sauti imemkauka kwa magomvi ya watu.

"Hapa sitasema nani mkosaji," alisema.

"Sasa mimi nimefuata nini?" mama wa nyuki akauliza.

"Unieleze tu. Anapuliza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, nyuki wamejaa kwenye maua! Nimemwambia apulize jua likizama, wakiwa wamesharudi mzingani. Naongea kama redio."

Mkulima alikuwa ameinamisha kichwa. "Jioni siwezi."

"Kwa nini?" msuluhishi akauliza.

"Jioni namlisha mama. Namgeuza, nambadilishia shuka. Zamani shemeji ndiye alikuwa akija. Tangu tukosane niko peke yangu."

Mama wa nyuki akamgeukia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu wakosane, akaona alivyokonda.

"Si kulikuwa na dada wa kazi?"

"Aliondoka mwezi wa pili."

"Ungesema, shemeji."

"Ungenisikiliza?"

 Mama wa nyuki hakuwa na nguvu hata ya kudanganya.

Waliandika mistari minne: mkulima atapuliza Alhamisi, jua likishazama, atamjulisha shemeji yake siku moja kabla, jioni hiyo mama wa nyuki atakaa na mgonjwa. Neno samahani halikuandikwa popote. Mama wa nyuki alilitafuta, hakuliona, akatia saini hivyohivyo. Kungoja tena kulimshinda, na hasira nayo ilikuwa imemchosha.

Alhamisi aliingia chumbani kwa mkwewe na beseni la maji ya vuguvugu. Bibi alimkazia macho.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Kwenye kesi, mama."

"Nani kashinda?"

Nje pampu ya kupulizia dawa ilianza kunguruma. Mama wa nyuki akakamua kitambaa.

"Geukia huku kidogo, mama," alisema, akampitishia mkono chini ya bega.