Moshi Ulioitwa Wingu

Kwenye skrini, mstari wa kuzungushia moshi ulikuwa umefika ukingoni mwa mji pale programu ilipogoma. Mpimaji wa picha za setilaiti, ambaye ofisini walimwita Macho, alibonyeza tena. Wapi! Juu ya mji ilikuwa imeshaandikwa: wingu. Palipo na wingu moshi hauchorwi, na pasipo moshi ramani ya wananchi hupakwa kijani, yaani hewa safi.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi katika mji huohuo.

"Mdogo wangu, huku hata geti la shule hatulioni. Mwalimu mkuu kaangalia ramani yenu, kasema hewa safi, watoto watoke wakakimbie!"

"Dada, programu imeona wingu."

"Wingu gani linakwaruza koo? Watoto wanakohoa mpaka wanatapika!"

Macho alifungua picha ya joto. Wingu zito lingeuficha moto. Hapa msitu unaoungua ulionekana waziwazi chini ya ule weupe, nukta nyekundu kwa nukta nyekundu. Moshi ulikuwa umezidi uzito hadi programu ikaudhania wingu. Kumbe hewa ikichafuka kidogo watu wanaonywa. Ikichafuka kupita kiasi wanaambiwa wavute pumzi!

Alimpelekea mkuu wa kitengo ile picha. Mkuu hakubisha.

"Ni moshi, naona."

"Basi niruhusu nifute hilo wingu."

"Kufuta wingu mpaka kikao, mama. Tukilifuta leo, wakubwa wataniuliza kwa nini jana tuliliacha."

Macho hakuwa mtu wa kumdhania mwenzake vibaya upesi. "Jana pia ulijua?"

Mkuu alipanga kalamu zake. "Haraka haraka haina baraka."

"Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa, mkuu, wewe unaficha, kufa wafe watoto wa wenzio!"

Alirudi mezani kwake. Ruhusa ya kufuta wingu hakuwa nayo. Lakini kila mpimaji aliruhusiwa kuiondoa ramani aliyoitilia shaka. Akaiondoa. Kijani kikatoweka mkoa mzima, pakabaki maneno mawili: *Hakuna kipimo*.

Akampigia dada yake. "Dada, mwambie mwalimu mkuu aangalie tena."

Punde akasikia kengele upande wa pili wa simu, na sauti ya dada yake ikifoka, "Ndani! Wote ndani! Fungeni madirisha!"

Mkuu alitokea mlangoni. "Umezima mkoa mzima? Kesho utajieleza."

"Nitajieleza. Na wewe utaeleza ya jana."

Mkuu akaondoka bila kuaga. Macho alifungua picha ya jana, akaanza kuuchora moshi kwa mkono, kwenye faili la pembeni ambalo programu isingeweza kumkatalia. Ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia. Mlinzi alipokuja kufunga ofisi, ncha za mstari zilikuwa hazijakutana, na picha ya juzi hajaigusa. Akahifadhi kazi, akazima kompyuta, hasira bado haijamwisha.