Kizibo cha Kopo la Oili

Gari lilirudi gereji likivutwa kwa kamba, linachuruza oili njia nzima, na dereva wake alianza maneno hata kabla halijasimama.

"Dada mtu huyo hapo. Mwulizeni sili ya krenki aliifunga kwa mkono gani."

Spana alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Jina hilo mafundi walimpachika siku aliyotoka chuoni na cheti chake cha mitambo, akaomba ovaroli badala ya meza ya ofisini. Injini ile aliiunga yeye mwenyewe, mpaka ile sili, mpira unaozuia oili isivuje kwenye krenki, na ndiyo ingekuwa yake ya kwanza kuingia mashindanoni. Sasa dereva huyo, kaka yake, ambaye watu walimwita Bingwa hata kabla hajashinda kitu, anamwanika mbele ya gereji nzima.

"Nakata kona, nyuma hakuonekani kwa moshi," Bingwa akaendelea, mikono hewani. "Oili imemwagikia bomba la ekzosi. Nusura niwe mkaa."

"Labda mdogo wako kachoka kukuona," fundi mmoja akatania, na wengine wakaangua kicheko.

Baba mdogo, mwenye gereji, akainama chini ya gari, akapitisha kidole, akanyanyuka. "Sili imetoka mahali pake. Mwanangu, mashindano ni keshokutwa. Injini nitampa fundi mwingine. Wewe shika breki kwanza."

"Baba mdogo, hujaniuliza hata swali moja."

"Niulize nini na oili naiona?"

Damu ikamchemka mpaka masikio yakamwasha. Lakini Spana hakuwa wa kupiga kelele. Akikasirika alikunja midomo tu na kwenda kutazama. Akafungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka, kinaning'inia pembeni. Sili iliyofungwa vibaya haitupi kijiti nje. Kuna kitu kilisukuma kutoka ndani.

"Umegusa nini humu?"

"Mimi naendesha tu," Bingwa akasema. "Kugusa ni kazi yenu."

Injini ya mbio inawaka kwa nguvu, na kila mafuta yanapolipuka ndani, hewa kidogo inapenya pembeni mwa pistoni na kushuka tumboni mwa injini. Hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Spana aliitengenezea njia: bomba nene mpaka kwenye kopo la kunasa oili. Ndani ya kopo, oili inabaki chini, hewa inatokea juu kupitia kichujio kidogo chekundu. Ndiyo injini inavyopumua. Ukiinyima pumzi inafura, na ikishafura inatoboka pale palipo laini: kwenye sili.

Akakagua bomba, zima. Kopo, zima. Kichujio kimekaa shingoni, kinang'aa. Sasa nini?

Hapo akaingia mchumba wa Bingwa, viatu mkononi kwa kuogopa oili sakafuni. "Pole, wifi," akamwambia Spana kwa huruma ya kweli. "Na jana gari lilikuwa limetulia hivyo. Hata ile harufu iliisha kabisa, tangu alivyoliziba lile kopo."

Vichwa vyote vikamgeukia Bingwa.

"Mpenzi, kanisubiri nje," Bingwa akasema haraka.

Spana akang'oa kichujio. Chini yake kulikuwa na kizibo cha mpira, kimekazwa kwa klempu, na kichujio kilikuwa kimerudishwa juu kama kofia juu ya kipara.

"Kila akipanda alikuwa analalamika nywele zinanuka oili," Bingwa akajitetea. "Nikajua ni kopo la taka tu."

"Umeiziba injini pua na mdomo, halafu ukaja kunitukana mimi."

Baba mdogo akakohoa. "Haya, yaishe. Ni kaka yako, na sura yake ndiyo iko kwenye mabango. Tuseme sili ilikuwa mbovu toka dukani."

Hilo lilimuunguza kuliko matusi yote. "Tuseme? Mimi nilipotukanwa, gereji nzima ilisikia." Akachomoa ufunguo wa gari, akautia mfukoni mwa ovaroli, akavuta zipu. "Injini naifungua mimi na sili mpya naifunga mimi. Gari litakimbia. Ila ufunguo huu hautoki mpaka aseme kwa mdomo wake, hapo hapo aliposimama."

"Baba mdogo, unamsikia huyu?" Bingwa akalalamika.

Baba mdogo alikuwa amekishika kizibo kiganjani, anakigeuza. Bingwa akacheka, akawatazama mafundi ili wacheke naye. Hakuna aliyecheka.

"Si useme tu," mchumba wake akamwambia. "Nilikwambia kopo linanuka, sikukwambia uzibe."

"Niliziba mimi," Bingwa akaviambia viatu vyake.

"Wa kule kwenye matairi hawajasikia," Spana akasema.

"Niliziba mimi. Sili haikuwa na kosa."

"Sili ina mtu aliyeifunga."

"Na dada hakuwa na kosa," Bingwa akasema.

Spana hakusema asante. Akajilaza chini ya gari, na tone la oili likamdondokea shavuni. Akalifuta kwa bega na kuendelea kufungua nati kama mtu anayegombana nazo. Baada ya muda baba mdogo akachuchumaa pembeni, akamsogezea taa.

"Sili mpya ziko kabati la juu," akasema taratibu.

"Najua ziliko," Spana akajibu, bila kumtazama.